Zile Pozi Nne Nilizofuta

Kaptembwo, Nakuru
14 Juni 2025

Mpendwa dada Celestine,

Uko aje huko Doha na hilo joto? Goti limepoa? Huku Mungu anatubeba. Mvua imekuja, matope mpaka mlangoni. Mama sasa anakula vizuri, na Linah wangu amemaliza mitihani.

Barua hii anakuletea Chepkirui, anapanda ndege kuja huko leo jioni. Kwa simu nimeshindwa. Kaa chini kwanza ndiyo usome.

Unajua bwanako Sitati alisimamishwa kazi kiwandani juu ya Fancy, yule msichana mpya wa boila. Fancy alifungua valvu ya mvuke yote kwa mpigo mmoja, bomba likagonga kama lori limeingia ukutani, gasketi ya kuziba maungio ikapasuka. Mvuke ulimpita hapa karibu na sikio. Wakubwa wakasema Sitati ndiye alimfundisha vibaya. Yenye hujui, dada, ni kwamba makosa ni yangu.

Ile video ya katuni ya kufundisha wafanyakazi, ni mimi nilitengeneza. Nilimrekodi Sitati kwanza nione mkono unavyoenda. Unamjua. Anafungua kidogo, anaimba beti moja ya wimbo wa kanisa maji yaliyobaki yatoke kwa bomba, mvuke usije ukayagonga, anafungua kidogo tena, anaimba. Nikamwambia, "Shem, hii ni boila ama kwaya?" Akasema, "Wewe cheka tu. Mvuke haipendi haraka."

Sasa kwa kompyuta, unaweka pozi, yaani vile mkono umekaa, ya kwanza na ya mwisho, yenyewe inajaza katikati. Nilikuwa nimeweka zingine nne hapo kati, mkono unasimama kwa kila moja. Halafu wakubwa wakataka video iwe fupi. Na yule mtu wa katuni akisimama-simama alionekana kama mjinga. Nikafuta zote nne. Mkono ukateleza toka mwanzo mpaka mwisho, sekunde mbili, laini kabisa. Nikajisifu. Kompyuta haijui kungoja usipoiambia, lakini mimi nilikuwa nimeonyeshwa.

Fancy aliangalia hiyo video mara tatu. Alifanya vile aliona.

Siku ile ulimgombeza Sitati kwa simu, ukisema amerudia pombe, nilikuwa kwako, nakunywa chai yake. Nikajimiminia kikombe kingine. Ulipokata akaniuliza, "Shem, kwani nilimwonyesha vibaya?" Nikamwambia mambo yataisha. Siku hizi haimbi. Hata kanisani anashika kitabu tu.

Na hiyo video bado wanaonyesha. Jumatatu saa mbili kuna wapya sita watawekwa mbele yake, saa nne wapelekwe kwa boila. Nimetengeneza upya nikatuma, hawajafungua. Meneja hashiki simu. Jana nilipita hapo nje, nikasikia bomba likigonga kidogo, likanyamaza, likagonga tena.

Kesho baada ya kanisa namwambia Sitati kila kitu. Jumatatu kabla ya saa mbili nitakuwa kwa geti, na sitoki hapo mpaka waizime hiyo video. Wakitaka kunishtaki, wanishtaki.

Mama na Linah wanakusalimia sana. Mungu akufunike na mkono wake.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Sitati, umwambie hakukosea. Mwambie aimbe.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata ukinikataa,
Wamalwa