Mgeni wa Mwanangu

Werugha, Jumamosi, Agosti 1979

Mwanangu hajui kabisa kuwa mimi ndiye mamake. Nilimwacha kwa mama angali mchanga ili nirudi chuo kikuu, na leo kanikimbia, akajificha nyuma ya leso ya nyanya yake.

Mama alipotoka kukama ng'ombe, mtoto alilia mpaka akapaliwa. Nilipombeba, akarusha miguu ashuke. Mama aliporudi, kimya. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye saikolojia: mtoto hushikamana na anayemlea. Swali hilo la mtihani nililipata lote. Upuzi mtupu.

"Atakuzoea tu, mwanangu," mama akaniambia.

Jioni niliinua begi langu kulipeleka chumbani. Mtoto akadhani naondoka. Ndipo akanitabasamia kwa mara ya kwanza, akanipungia mkono.