Chumvi Iliyotiwa Mara Mbili

Kendi mjukuu wangu,

Huku Kianjokoma tuko salama, ni guka tu, babu yako, anayekohoa. Umeniuliza kwa nini sikusema neno kwenye mazishi ya mkubwa wangu wa maabara.

Tulikuwa tukipima kimeng'enya cha mahindi, kile kinachotengeneza RNA. Chumvi kidogo hukiamsha, ikizidi hukizima. Siku moja nilikuwa nimeshaitia, naye akaja na wageni, akaitia tena mwenyewe. Nilimwona. Lakini kwetu msichana hamkosoi mzee mbele ya wageni, nikanyamaza. Kazi ya wiki nzima ikaharibika, akanifukuza kwa uzembe.

Sasa ningesema nini kaburini? Wakati wa kusema ulikuwa ule, nikautumia kuonyesha adabu. Amezikwa akiamini mimi ni mzembe, na aliyemwacha aamini hivyo ni mimi.

Shosho yako