Nguo Iliyobaki Nyuzi

Jumatatu, 10 Novemba
Mashuka ya hoteli tena, hapa kiwandani kwetu kwa kufulia nguo. Tunayainua mbele ya taa, moja moja. Yaliyochakaa yanakatwa matambara. Msimamizi ana neno lake la Kiingereza, *threadbare*. Analisema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa.
Chumbani nimelalia leso ya marehemu mke wangu, Mwanaisha. Sina kingine chake huku Dubai.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelitafuta neno kwenye simu. Ni mawili yaliyoungwa: uzi, na tupu. La zamani, la nguo za sufu. Sufu mpya ina manyoya mepesi, kama malaika ya mkononi. Ikivaliwa sana yanapukutika, zinabaki nyuzi tupu. Maana ya pili: duni, isiyofaa tena. Hapo sikukubali.
Leso ni pamba, lakini ya Mwanaisha nayo imebaki nyuzi. Maua mekundu yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Aliivaa akipika maandazi, akajitanda kusali, akanifutia miwani.

Ijumaa, 14 Novemba
Baada ya sala, nilikwenda mtaa wa Rashidiya kwa Hamadi, dereva wetu wa kazini. Mkewe Zuhura amejifungua binti. Mtoto analia kila akiguswa na nguo. Leso mpya zimejaa wanga, zimefuliwa na bado zinasimama zenyewe.
"Kwetu mtoto hupokewa na leso kuukuu," Zuhura akasema. "Huku, kaka Athumani, hata kuukuu ni mpya."
Hamadi akacheka. "Athumani anayo. Analalia makumbusho."
Nilicheka pia. Kwenye metro nikakasirika. Hawakuomba. Wangeomba, ningekataa.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimemwota Mwanaisha akianika nguo kwenye kamba isiyo na mwisho.
Naogopa. Nikiitoa itachanwa vipande. Itakojolewa, itakwisha. Nitabaki na nini?
Alikuwa akizivaa leso makusudi, zilainike. Za mtoto, alisema. Miaka ikapita, akaendelea kuzivaa. Hatukujaaliwa.

Jumapili, 16 Novemba
Nimeipeleka. Zuhura akaipapasa, akaniangalia. Nikaichana mwenyewe. Haikutoa sauti. Ilifunguka kama mkate wa moto.
Kurudi, nililia mbele za watu. Hakuna aliyeniangalia.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimepita Rashidiya kabla ya kazi. Mtoto amelala, amefungwa vizuri kwa kipande cha leso ile. Zuhura alikuwa akinywa uji. Nikaweka kidole juu ya kitambaa.
Kilikuwa na joto.