Goti Ulilomrithisha Shaibu

Mjomba wangu Bakari,

Shikamoo huko uliko. Najua ungeitikia "marahaba, mama" kabla sijamaliza kupiga goti, lakini leo usiniite mama. Nimekasirika, na sehemu ya hasira hii ni yako.

Siku ya arobaini yako, pale Makote, wazee walimkalisha mdogo wangu Shaibu mkekani wakamrithisha jina lako. Tangu hapo yeye ndiye Bakari. Mama, dada yako, anamwita kaka. Mimi niliyembeba mgongoni namwita mjomba. Hiyo ni mila yetu na ninaipenda. Ila pamoja na jina walimpa buti zako za jeshi, zile ulizokuwa ukizipaka mafuta kila Ijumaa, na maneno juu yake: "Mjomba wako alikuwa askari. Hakulalamika hata siku moja."

Hakulalamika! Mimi ndiye niliyekuwa nikikukanda lile goti. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikachovya kitambaa, na wewe umeketi kwenye kigoda umeng'ata upindo wa shuka. Siku moja machozi yalikutoka ukaniambia, "Moshi wa jiko lako huu." Jiko lilikuwa limezimika zamani. Tulicheka sana, Mjomba. Kisha ukanisimulia ukuruta wako: kuruka kichurachura kuzunguka uwanja, mbio za barabarani na mzigo mgongoni, na goti lililoanza kuuma mapema ukalinyamazia mpaka likawa vile. Ukamalizia, "Haya ni yetu wawili. Mama yako asijue."

Basi hakujua. Na Shaibu hakujua.

Mwaka huu alipopata nafasi ya kwenda kambi ya jeshi, alikuwa amekaa dukani Tandahimba tangu amalize shule, akipima sukari, hata mpira hachezi. Wiki chache kabla ya safari akavaa buti zako. Zinampwaya, akajaza matambara mbele. Akawa anashuka mteremko wa kisimani kwetu Makote mbio, mfuko wa mchanga begani, na watu wanampigia vigelegele: "Bakari karudi!" Goti likateguka pale kwenye mawe. Mimi nafundisha michezo shuleni hapa Masasi, nikapiga simu nikasema apumzike, goti lililokwisha kuumia ukilipeleka mbioni ghafla litaumia tena, na vibaya zaidi. Mama akacheka. "Mwanangu, mtu wa mlimani wa kufundishwa kupanda na kushuka?" Wakamfunga kitambaa, wakamwombea dua. Alipopimwa afya akaulizwa kama aliwahi kuumia, akasema hajawahi.

Jumapili alipiga kutoka kambini kwa simu ya kuazima. Goti limevimba, ngazi hashuki. Mkufunzi wake, ambaye jina lake silijui na silitaki, akimwona mtu anachechemea anamwita mtegeaji na kumwongezea kichurachura. Kichurachura kwa goti lililovimba! Nani aliwaambia watu hawa kwamba mwili uliokaa kitako mwaka mzima unageuzwa chuma kwa wiki mbili? Anasema hayuko peke yake. Wasichana wa kundi lake wamepewa buti za kiume na mzigo ule ule, nao wanaumia kuliko wavulana, na wakisema wanaambiwa wanadeka. Mtoto wa mtu anaharibiwa goti la maisha yake yote halafu anaitwa mvivu. Na Alhamisi wana matembezi marefu na mizigo.

"Nenda kwa daktari wa kambi," nikamwambia.

"Dada, nitaendaje? Mimi ndiye Bakari."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa. Niliwakasirikia mkufunzi, wazee, mama, hata zile buti. Mwisho nikakukasirikia wewe, uliyetuachia jina lako bila maumivu yake. Ulikuwa na miaka yote ile ya kusema neno moja tu mbele ya yule kijana, ukachagua kucheka na mimi jikoni. Nilikupenda kwa kicheko kile na bado nakupenda. Lakini sikuweza kukutunzia siri tena. Nikamweleza yote: maji ya chumvi, upindo wa shuka, na jiko lililozimika.

Akaniuliza:

"Mjomba alilia?"

"Alilia."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu, na mkono wangu gotini kwake."

Nikamsikia anapenga kamasi. Akasema, "Huku nako kuna moshi, dada." Kisha akasema kesho yake asubuhi atamwambia afande kuwa anaumwa, aitwe mtegeaji asiitwe, anakwenda kwa daktari.

Buti zako, alizoziacha nyumbani, nimezichukua, ziko kwangu Masasi. Sizitupi, lakini hazivaliwi na mtu tena. Jina lako libaki naye. Sasa linamtosha.

Pumzika, Mjomba. Goti haliumi huko.

Mpwa wako,
mwenye lile jiko