Mkeka Wako Umeonekana Kutoka Angani

Mama yangu kipenzi,

Nina salamu zako. Nimepewa wiki iliyopita na mtu usiyemjua, na tangu hapo natembea nazo kama mtoto aliyetumwa dukani, anakimbia njia nzima asije akasahau. Nitakupa, lakini kwanza nikusimulie, maana ukipewa salamu bila kujua zilikotoka utaniuliza maswali mpaka magharibi.

Unaukumbuka ule mkeka wa Bi Mgeni wa Mtambile, aliouagiza kwa harusi ya mwanawe? Ulichemsha majani ya ukindu kwa rangi nyekundu na zambarau mpaka sufuria ya wali ikaharibika. Ukasuka kili nyembamba, ile mikanda mirefu ya kuungwa iwe mkeka, nzuri kabisa. Kisha siku ya kuziunga wakaja majirani, mazungumzo yakanoga, nawe hukuwa mtu wa kushona kimya. Mimi nilikuwa nakutungia uzi kwenye sindano, nikaona ukili mmoja umeingia kichwa chini. Nikakwambia. Ukanijibu, "We tunga uzi."

Mkeka ulipotandikwa, mstari mwekundu ulianza vizuri upande mmoja, ukafika katikati ukakatika, ukatokea pengine kabisa, kama mtu aliyeruka mtaro. Bi Mgeni aliutazama, akausifu ukindu, akasema atatuma mtu kuuchukua. Mtu hakuja. Sisi watoto tulikucheka, nawe ukacheka kuliko sote. "Mwacheni," ukasema. "Mkeka huu utaonekana mpaka Tanga."

Ulipofariki, ndugu yangu Saidi hakutaka kitu chako chochote ila huo. Popote anapokwenda kwa kazi yake ya useremala huukunja akauweka pamoja na randa na misumeno, na baada ya chakula cha mchana huulalia. Nilimwambia unaumiza macho. Akasema ndiyo maana analala haraka.

Sasa nikwambie habari ya ndege. Walikuja wanajeshi kufanya mazoezi hapa kisiwani, na ndege isiyo na rubani. Watu wanaiita droni. Si ile ndogo ya kupiga picha harusini, inayovuma kama nyigu na kushuka upesi kwa sababu betri imekwisha. Hii ina mbawa ndefu nyembamba, inaruka juu kiasi cha kutosikika, na inakaa huko mchana kutwa na usiku kucha, inatazama. Sheha alipita nyumba kwa nyumba kutueleza kwamba kazi yake ni kulinda bahari. Hatukutulia. Unavijua vyoo vyetu vya makuti, havina paa. Wanawake tukawa tunakoga mbio mbio. Bi Time, jirani yako, ndiye aliyepata dawa. Asubuhi moja alitoka chooni ameshika mwavuli, uso mkavu kama anakwenda hitimani, akaniambia, "Mie nshakoga. Huyo alo juu na atazame mwavuli." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa nikakutafuta, nicheke nawe.

Kisha Saidi akaondoka Wete kwenda kisiwa cha Fundo kutia milango ya madrasa, yeye na nahodha tu. Mashine ya mashua ikazima njiani. Mkondo ukawachukua ukawatoa nje, bahari kuu. Jioni watu wa Fundo wakapiga simu kuuliza fundi yuko wapi. Usiku ule sikuelezi, mama. Nakueleza mchana wake.

Sheha alinichukua akanipeleka uwanja wa ndege, kwenye hema la wale wanajeshi. Ndani mlikuwa na skrini, na mbele yake askari wa kike, kijana, macho mekundu kwa kutazama. Alinipa kiti, akaniamkia, akanieleza taratibu. Ndege ilikuwa juu tangu alfajiri na haikushuka. Ilikuwa imeona mashua mbili zilizosimama bila mashine, moja mbali kaskazini, nyengine kusini. Boti ya uokozi ilikuwa moja, na jua lilishapinduka. Ikienda kwa mashua isiyo yetu, giza lingeingia kabla haijaifikia ya pili. Akaniuliza mashua aliyopanda ndugu yangu ina alama gani.

Sikujua. Mashua ni ya nahodha, sikuwahi hata kuiona. Nikahesabu vitu anavyosafiri navyo, randa, misumeno, halafu nikasema, "Ana mkeka."

Hakunicheka. Alivuta picha ya mashua ya kusini ikawa karibu: turubali la kijivu na watu wawili wamelala. Akavuta ya kaskazini. Kwanza ilikuwa kama punje ya mchele. Kisha nikaona fito, na juu ya fito kitu kimetandazwa kuwa kivuli, chekundu na zambarau. Akavuta tena. Mstari mwekundu ukaja vizuri, ukafika katikati ukakatika, ukatokea pengine.

Mama, nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Ndiye huyo," nikasema. "Ule ukili uko kichwa chini."

"Una hakika, mama?"

"Mimi ndiye niliyetunga uzi."

Akaita kwa redio, boti ikaelekea kaskazini. Ile ndege ikabaki juu ya Saidi, inamzunguka, haimwachi, mpaka boti ilipofika. Mwenyewe anasema hakusikia kitu wala hakuona kitu. Alidhani wako peke yao. Na wale wa kusini walikuwa wavuvi wa Msuka waliotia nanga kupumzika. Baadaye walikasirika kuulizwa kama wamepotea.

Bado sipendi kutazamwa uani kwangu, na sheha nimemwambia. Lakini siku ile nilipoona jinsi ile ndege inavyokaa kutwa kwenye kazi moja bila kuiacha, nilikukumbuka wewe barazani na ukindu wako, chai imepoa pembeni. Tangu hapo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeueleza mkeka wako sokoni, msikitini upande wa wanawake, hata kwa dereva wa gari la Mtambile. Bi Mgeni ametuma mtu kuuchukua. Nimemwambia amechelewa.

Nimeusuuza chumvi kwa maji ya mvua. Rangi haikutoka.

Nilipokuwa natoka hemani yule askari aliniuliza nani aliyeusuka. Nikasema mama yangu. Akasema, "Mpe salamu zangu. Mwambie tumeuona." Sikumwambia kwamba hupo tena. Nilisema nitakufikishia.

Basi nimekufikishia. Mkeka umeonekana, mama. Tanga ulishaipita.

Lala salama.

Bintiyo, aliyekuwa akikutungia uzi