Kicheko cha Dakika ya Nne

Jumatatu, 3 Machi
Dada kanitumia sauti ya marehemu mama. Dakika saba, anasimulia alivyokutana na baba. Feni inavuma mwanzo mwisho! Anataka niisafishe. Simu yake imejaa, haipigi hata picha. Nikamwambia afute ya kwake, mimi ninayo. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamcheka — unaongea na mtu wa kompyuta, dada!

Jumanne, 4 Machi
Kazini tumeanza lugha mpya ya programu. Kichwa kinagonga. Humo ukikipa kitu chako jina jingine, umekihamisha. Jina la kwanza linabaki tupu, na ukiligusa tu, kompaila, ile inayokagua programu kabla haijaanza kazi, inagoma. Ukitaka nakala, useme wazi. Imenigomea mara kumi na moja! Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mzee Hapana, anasema heri kugombezwa mapema. Nikamjibu lugha yangu ya zamani haina makuu. Jioni nikaitumia hiyohiyo kusafisha sauti ya mama. Mistari ishirini. Safi!

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu.

Kwenye ile mistari niliandika tu kwamba nakala ni sawa na asili. Nikadhani nina sauti mbili. Kumbe ni moja yenye majina mawili! Kila nilichokata kwenye nakala nilikikata kwenye asili, kisha nikahifadhi juu ya faili la mwanzo. Feni imetoka. Na kile kicheko cha mama, cha chini chini, dakika ya nne, kabla hajamtaja baba — programu ilikidhani kelele. Hakipo.

Na jambo hili nalijua tangu chuoni! Nimelifundisha watu! Lugha ile haikunigombeza hata kidogo. Nimemweleza Mzee Hapana. Hakunicheka, afadhali angenicheka. Aliuliza tu kama dada bado anayo ya kwake. Majuto ni mjukuu, ila wangu hakuchelewa.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga. Anakuja kesho. Nilitaka kumwambia. Nikaishia kuuliza hali ya watoto. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Amefika. Sijafungua mdomo, keshavaa visikilizio. Anasema mdogo wake ni fundi, feni yote imekwisha! Amefumba macho, anatabasamu. Naandika huku namtazama. Dakika ya tatu. Nimemwita, hasikii. Nimemgusa bega. Ananyanyua kidole — nisubiri kidogo, anasema, sasa hivi mama anacheka