Taa ya Jumamosi

Mpendwa Baba Rehema,

Wiki iliyopita Rehema alikuja kunisaidia kupanga vitu vya chumba cha nyuma, na chini ya spana zako akakuta daftari langu. Nimelisoma mara tatu. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa ni mwaka wa sita tangu tukuzike Kondoa, na wewe barua hukuzipenda hata ulipokuwa hai. Ulisema barua ni za watu wasio na miguu.

Unaikumbuka ile nyumba ya magurudumu? Ulikuwa umepunguzwa kazini, wewe na wenzako wote wa karakana, na kwa miezi mingi ulishinda kibarazani pale Makole ukisikiliza magari yakipita. "Lori lile vavu zake zinagonga," ulisema bila kuinua kichwa. Kisha akaja yule mgeni mpima mawe na gari lake la Kijapani lenye kitanda, jiko na sinki humo humo ndani, akakuajiri uliendeshe na kulitunza. Siku ile ulirudi umenyoa ndevu, ukala kama mtu aliyetoka kifungoni.

Tatizo likawa taa. Kila safari ya Jumamosi, mkielekea Mtera au Gulwe, ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa injini iliwaka mbele ya usukani. Jumatatu ilizimika yenyewe. Wewe ulizoea injini zinazokohoa na kufuka moshi, zikisema ugonjwa wao kwa sauti. Fundi mwenzako aliyekuwa Dar ndiye aliyekufundisha kuunganisha matundu mawili ya kile kijisanduku cha chini ya boneti kwa kipande cha waya. Hapo taa inakonyeza, na idadi ya makonyezo inakutajia kifaa kinachoumwa. Ukanikalisha kiti cha dereva nihesabu, wewe umeinama kwenye injini.

"Mbili," nikasema.

"Halafu?"

"Imepumzika. Sasa moja."

Mbili na moja ilikuwa sensa, kile kihisi cha kwenye bomba la moshi. Ukaibadilisha, na Jumamosi taa ikawaka. Ukabadilisha tena, ikawaka tena. Mgeni akakwambia kwa upole kwamba ikiendelea kuwaka mpaka mwisho wa mwezi atalipeleka gari Dar na kutafuta dereva huko huko. Ulinieleza hayo huku umeutazama ukuta. Niliogopa sana, maana nilijua kibaraza kinakusubiri.

Mimi injini siijui, ila homa naijua. Sisi wauguzi wodini, homa inayokuja na kuondoka hatuikimbilii kwa sindano, tunaiandika. Nikachukua daftari la Rehema lililobaki kurasa, nikachora chati: siku, mahali, mgonjwa alikula nini, alipewa dawa gani. Jumamosi ya kwanza imewaka, ya pili imewaka, ya tatu imewaka. Mafuta yale yale, na barabara hazifanani. Ndipo nikajiuliza, mgonjwa huyu Ijumaa anafanyiwa nini?

Kila Ijumaa, ukitoka msikitini, ulivua kanzu ukamwaga madumu manne ya maji na sabuni ya unga juu ya injini, katika mtaa ambao maji yalitoka mara mbili kwa wiki. Karakana ndivyo ilivyowalea: gari haliondoki safari bila kuogeshwa mpaka moyoni. "Usafi ni sehemu ya imani," ulinijibu nilipolalamikia madumu yangu. Injini zenu za zamani hazikujali. Hii iliingiwa na maji kwenye soketi, pale nyaya za ile sensa zinapochomekwa, yakakauka Jumatatu.

Ningekwambiaje? Mtu amenyang'anywa kila kitu akabakiwa na usafi wake, nimwambie usafi ndio ugonjwa? Nikaona heri nidanganye. Ijumaa nilikuwa na zamu ya mchana, nikasema mbwa wa kwenye reli wananifukuza, unisindikize hospitali na unisubiri mpaka jioni.

"Mbwa gani?"

"Wale wakubwa."

Ukachukua fimbo. Ukakaa getini na mlinzi mpaka nilipotoka, na Jumamosi alfajiri ukalifuta gari vumbi kwa kitambaa kikavu, ukinung'unika. Taa haikuwaka. Mwezi ukaisha, kazi ukabaki nayo, ukautangazia mtaa mzima kwamba ulikuwa ni waya wa hasi wa betri uliolegea. Mimi nikaitikia, "Fundi huyo."

Miaka ikapita, mgeni akarudi kwao, gari likauzwa. Wewe ukaendelea kunisindikiza na fimbo yako kila Ijumaa mpaka nilipostaafu. Nilidhani unaamini wale mbwa wapo. Nilikuwa nakucheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Sasa nimefungua daftari. Niliificha chati chini ya kanga zangu, sijui uliipata lini. Chini ya Jumamosi yangu ya tatu unaanza mwandiko wako wa herufi kubwa: "Haikuwaka. Dawa: kumsindikiza Mama Rehema." Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Halafu: "Haikuwaka. Mbwa bado sijawaona."

Nimelia, Baba Rehema, na katikati ya kulia nikacheka mpaka Rehema akanishika bega. Ulijua, ukaninyamazia kama nilivyokunyamazia. Siku hizi Ijumaa ni ndefu kwangu. Fimbo yako iko nyuma ya mlango, na nikienda sokoni huwa naichukua, nikisingizia magoti.

Pumzika, mume wangu. Nakuaga kwa maneno yako mwenyewe, yale ya ukurasa wa mwisho, uliyoyaandika wiki ile mgeni alipoondoka: "Gari limeuzwa. Dawa iendelee."

Mkeo,
Mama Rehema